Kunakili folda kwa amri: tazama kwanza unakopeleka

Ukianza kazi kwenye seva za Linux, utafundishwa mapema `cp -r picha nakala`, nayo inafanya kazi. Ila matokeo yake yanategemea kitu usichokiona kwenye amri yenyewe: je, folda ya `nakala` ipo tayari? Kama haipo, itaundwa na kupokea vyote vilivyomo ndani ya `picha`. Kama ipo, utapata `nakala/picha`. Ndiyo maana anayeirudia amri ileile hukuta folda ndani ya folda, akaanza kuhangaika asijue ipi ndiyo mpya.

Ninawasihi wote wanaoanza wazoee njia hii; amri ya kwanza huunda folda kama haipo, ya pili hunakili:

`mkdir -p nakala`
`cp -a picha/. nakala/`

Hapo matokeo ni yaleyale kila mara. Ile nukta baada ya mkwaju (`/`) msiidharau. Wengi huandika `picha/*`, na kwa kawaida nyota huruka faili zilizofichwa, yaani zile ambazo majina yake huanza na nukta. Ukihamisha tovuti kwa nyota, faili za mipangilio kama `.htaccess` na `.env` hubaki kulekule. Tovuti inagoma, nawe unatafuta kosa kwenye msimbo wa programu wakati msimbo hauna tatizo lolote. Na `-a` badala ya `-r` hutunza tarehe na ruhusa za faili. Mmiliki naye hubaki yuleyule ikiwa unanakili kama root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo.

Folda ikiwa kubwa, au inapita kwenye mtandao, tumia programu ya kunakili iitwayo rsync: `rsync -av picha/ nakala/`. Mtandao ukikatika, irudie tu. Faili zilizokwisha kufika salama hazitumwi upya. Hapa mkwaju wa mwisho kwenye `picha/` una uzito: ukiuacha, inakwenda folda nzima pamoja na jina lake. Ongeza `-n` kwanza uone itakachofanya bila kugusa chochote, hasa ukitumia `--delete`, maana hiyo hufuta kule unakopeleka kila kisichokuwepo kwenye chanzo. Wa Windows, amri yenu ya kunakili, `robocopy`, ina hatari hiyohiyo kwenye `/MIR`. Kwa kunakili tu, `/E` inatosha.

Kabla ya kufuta folda ya zamani, endesha `diff -r picha nakala`, amri inayolinganisha folda mbili. Ikinyamaza, yaliyomo yanalingana. Ikitaja faili hata moja, usifute kitu.