Kadi moja inatosha, dada

Dada, umeuliza kama wewe wa Moshi unayekwenda maonyesho ya utalii Ulaya kila mwaka ujiunge na kadi za mashirika yote ya ndege, zile za kukusanya pointi kila unaposafiri. Hapana, chagua moja uing'ang'anie. Pointi zikitawanyika hazifiki popote. Hapa KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) tuna bahati: ndege za Ethiopian na Turkish zote zinatua, na zote ziko Star Alliance, kundi la mashirika yanayoshirikiana. Ukiwa na ShebaMiles, kadi ya Ethiopian, hata safari ya Turkish ya kupitia Istanbul inaweza kuingia kwenye akaunti hiyo hiyo.

Ukifika ngazi ya dhahabu ya kadi hiyo unapata ukumbi wa kupumzikia uwanjani, foleni ya kipaumbele, na kilo 20 za ziada (au begi moja zaidi, kwa safari zinazohesabu mabegi). Kwa mtu anayebeba vipeperushi na kahawa ya kuwaonjesha wateja, hizo kilo ni pesa kabisa!

Ila uliza daraja la tiketi kabla ya kulipa, maana zile za bei ya chini mara nyingi huleta pointi kiduchu. Na tafadhali, tunza pasi ya kupandia ndege mpaka pointi zionekane. Inaniuma watu wanavyotupa pasi hizo Addis Ababa wanapobadili ndege. KLM, shirika la Uholanzi, iko kundi jingine nje ya Star Alliance, kadi yake ni Flying Blue.