Kabla hujaingiza faili ya 3D kwenye CAD, jua imebeba nini

Ukitumiwa modeli usikimbilie kuifungua kwenye CAD, yaani programu ya kuchora vitu kwa kompyuta. Tazama kwanza herufi za mwisho za jina la faili, maana hizo ndizo zitakazokuambia kama utaweza kuihariri au utaishia kuitazama tu. Faili ya STEP (.step) hubeba umbo lenyewe: nyuso, kingo, mitungi yenye kipenyo halisi, na kipimo kilichotumika. Faili ya STL (.stl) ina pembetatu peke yake. Haijui duara ni nini, wala namba zake ni za milimita au inchi. Na kubadili jina kutoka .stl kuwa .step hakugeuzi kitu, ingawa wapo wanaojaribu.

Ukiwa na shaka, fungua faili kwa Notepad. STEP huanza na ISO-10303-21, na ukitafuta SI_UNIT utakuta kipimo: .MILLI.,.METRE. ni milimita. Hapo kazi ni nyepesi, ila hatua za uchoraji kwa kawaida hazimo, kwa hiyo usitarajie kurudi kwenye mchoro wa mwanzo na kubadili namba moja.

Shida iko kwenye STL, na ndiyo iliyozagaa mtandaoni. Chukua kishikio chenye tundu la beringi ya 608, ambayo kipenyo chake cha nje ni 22 mm. Ukishakiingiza kwenye FreeCAD, programu ya CAD ya bure, pima lile tundu kabla ya kugusa kitu kingine. Likisoma karibu na 0.87, aliyechora alitumia inchi. Zidisha kwa 25.4. Likisoma 2.2 ni sentimita, 0.022 ni mita. Rekebisha ukubwa papo hapo, meshi (ule wavu wa pembetatu) ikiwa bado meshi. Ukichelewa, kila utakachojenga juu yake kitapotoka nayo.

Tundu hilo hilo lina mtego mwingine. Kama lina pande 32, pembe zake zinagusa duara la 22 mm, lakini ukipima kutoka upande mmoja hadi ule unaoukabili unapata 21.89 mm. Beringi itagoma kuingia, nawe utailaumu printa bure.

Njia ya kugeuza meshi kuwa umbo mango ipo. Kwenye benchi (kundi la zana) la Mesh tumia "Evaluate and repair mesh" kuziba mianya na kugeuza pembetatu zilizotazama ndani. Kisha nenda benchi la Part: "Create shape from mesh", halafu "Convert to solid". Ukiruka ukarabati unabaki na ganda linalovuja, na ukilitoboa programu itakataa au ikupe umbo la ajabu. "Refine shape" huunganisha pembetatu zilizolala kwenye ubapa mmoja, lakini haiurudishi uduara wa tundu.

Angalia pia uzito wa faili. Katika STL ya mfumo wa jozi (binary) kila pembetatu ni baiti 50, hivyo MB 5 ni pembetatu 100,000, nazo zitageuka nyuso 100,000. Programu itaganda. Kwa kipande cha mashine ni afadhali uiache meshi iwe kielelezo tu, ukate sehemu mtambuka zake (cross-sections), kisha uchore upya juu yake, tundu ukiliandika 22 mm kwa mkono wako.

Modeli za ardhi na majengo zina ugonjwa wao. Katika UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita, viwianishi (namba za mahali) vya kaskazini huhesabiwa kusini mwa ikweta kwa kushuka kutoka 10,000,000, kwa hiyo Dar es Salaam inaangukia karibu na mita 9,250,000. STL ya mfumo wa jozi hutunza kila namba kwa biti 32, na kwenye ukubwa huo hatua ndogo kabisa ni mita 1. Ukuta wa tofali za inchi 6 ama hutoweka ama hunenepa hadi mita nzima. Mwambie anayekutumia apunguze, kwa mfano, 9,248,000 kwenye viwianishi vyote vya kaskazini kabla ya kutoa faili, na akuandikie namba hiyo. Kupunguza baada ya kuingiza hakusaidii; desimali zimeshapotea ndani ya faili.