Maswali ya Wasomaji: Mtanashati wa Filamu Bubu

SWALI: Mhariri, mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu kipande cha filamu ya zamani isiyo na sauti. Bwana mmoja amesimama mbele ya kioo kikubwa akinyoa ndevu, kumbe kioo chenyewe hakimo, na anayeonekana ndani ya fremu ni mtu mwingine anayemwigiza kila anachofanya. Mjukuu anasisitiza kwamba huyo ni Charlie Chaplin. Mimi nilimtazama sana Chaplin ujanani, na sura hiyo si yake. Ni nani huyo? (Babu, Tanga)

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Macho yako hayajakudanganya. Huyo ni Mfaransa Max Linder, na kipande ulichokiona kimetoka katika Seven Years Bad Luck, filamu aliyoitengeneza Marekani mwaka 1921. Watumishi wa nyumba wamevunja kioo cha bwana wao, na kwa kuwa kipya bado hakijaletwa, mpishi anavalishwa kama bwana na kusimamishwa ndani ya fremu ili amwigize. Bwana anashuku, anajaribu kumnasa, na mwishowe anapoamua kukomesha mchezo huo kwa kupiga, kioo kipya kimekwisha kuwekwa bila yeye kujua. Anakivunja kweli, na kwa imani ya Wazungu mwenye kuvunja kioo huandamwa na nuksi kwa miaka saba. Mzaha wa kioo chenyewe haukuanzia kwake, kwani ulikuwa ukichezwa majukwaani zamani, lakini ni wachache walioucheza kwa utulivu kama wake.

Jina lake la kuzaliwa ni Gabriel Leuvielle. Alizaliwa Desemba 16, 1883, huko Saint-Loubès karibu na Bordeaux, katika familia ya wakulima wa mizabibu. Shamba halikumvutia, alisomea uigizaji Bordeaux, kisha akaenda Paris kutafuta nafasi katika majumba ya tamthilia. Mwaka 1905 alianza kuigiza katika filamu za kampuni ya Pathé. Wakati huo watu wa jukwaani waliidharau sinema, wakiiona kuwa mchezo wa maonyesho ya mtaani, kwa hiyo kijana huyu aliyetaka kuheshimiwa katika tamthilia hakutaka jina lake halisi lionekane huko. Ndipo alipojiita Max Linder, na jina la kujifichia likawa ndilo lililomtangaza duniani.

Mhusika tunayemkumbuka naye alijitokeza mwaka 1907, katika filamu fupi kuhusu mtu anayejifunza kuteleza kwenye barafu. Hapo Max alitoka amevaa kofia ndefu ya hariri, koti la heshima na sharubu zilizochongwa vizuri, akaanguka na kuanguka tena. Wachekeshaji wa siku zile walivaa matambara na nguo zisizowaenea ili wachekwe hata kabla hawajafanya lolote. Max alivaa kama mtu anayekwenda kuposa, na mara nyingi kweli alikuwa anakwenda kuposa. Kichekesho chake kilitokana na jitihada ya mtanashati kuilinda heshima yake huku kila kitu, kuanzia viatu hadi mbwa wa mchumba, kikishirikiana kumwaibisha. Mwenzake André Deed, aliyekuwa akivuma pale Pathé kwa vurugu na kuvunja vyombo, alipohamia Italia, nafasi ikabaki wazi kwa Max, na kufikia mwaka 1910 hapakuwa na mchekeshaji wa filamu aliyejulikana kumzidi.

Kama nikiambiwa nichague filamu moja ya kumtambulisha, nitaiacha ile ya kioo na kuchagua Max victime du quinquina ya mwaka 1911. Daktari anamwandikia divai ya dawa. Max anaizidisha hadi kulewa, anatoka nje na kugombana na wakubwa watatu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anamkabidhi kadi yake ili wakutane kwa pambano la kulinda heshima, kama ilivyokuwa desturi ya waungwana wa Ufaransa. Polisi wanapomkuta mlevi huyu njiani, wanasoma kadi aliyo nayo mfukoni, wanadhani ndiye mkubwa mwenyewe, wanampigia saluti na kumsindikiza kwa adabu hadi nyumbani kwa mtu aliyetoka kugombana naye. Hapo utaona kwamba hata mtanashati huyu alijua kuwadhihaki wenye vyeo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Chaplin alimwiga Linder? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Neno "alimwiga" ni kali mno. Chaplin alianza kuonekana katika filamu mwaka 1914, wakati Max alikuwa amekwisha kumcheza mtanashati wake kwa miaka saba, na Chaplin mwenyewe hakuficha deni hilo: alimzawadia picha yenye maandishi yanayomwita Max mwalimu na kujiita yeye mwanafunzi wake. Alichokichukua ni ule mwendo wa taratibu, wa kuacha uso na mkono mmoja vifanye kazi ambayo wengine waliifanya kwa kukimbizana. Lakini Chaplin alimpa mhusika wake ufukara, na ufukara ulieleweka katika kila nchi kuliko matatizo ya bwana mwenye mtumishi.

Bahati nayo haikuwa upande wa Max. Vita vilipozuka mwaka 1914 alilitumikia jeshi la Ufaransa kwa kupeleka nyaraka kwa gari, akarudi afya yake imeharibika. Chaplin alipoihama kampuni ya Essanay, kampuni hiyo ilimwita Max Marekani mwaka 1916 ili azibe pengo, kwa mkataba wa filamu 12. Alimaliza 3 tu, zikapokelewa kwa ubaridi, ugonjwa ukamrudisha nyumbani. Alirejea tena na kutengeneza filamu ndefu 3 kati ya 1921 na 1922. Kwa maoni yangu hizo ndizo kazi zake zilizokomaa zaidi, ingawa watazamaji wa Marekani walikuwa wamekwisha kuchagua wapendwa wao.

SWALI: Mbona watu katika filamu hizo hutembea mbio mbio kama kuku? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Hawakutembea hivyo. Mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, takribani picha 16 kwa sekunde, ilhali mitambo ya baadaye huonyesha picha 24 kwa sekunde. Kitendo cha sekunde tatu humalizika kwa sekunde mbili. Kwa mchekeshaji wa taratibu kama Max hasara hiyo ni kubwa kuliko kwa mwingine yeyote.

SWALI: Alikufaje, na filamu zake zinapatikana wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Max alimwoa msichana mdogo kwake sana, Hélène Peters, mwaka 1923. Alikuwa na huzuni nzito iliyoambatana na wivu, na Oktoba 31, 1925, wote wawili walikutwa mahututi katika hoteli moja mjini Paris, wakafariki. Ilisemwa kwamba walikubaliana kujiua. Wapo wanaoshuku kama kweli mke aliridhia. Max alikuwa na umri wa miaka 41.

Waliacha mtoto mmoja, Maud, mwenye umri wa miezi 16. Alilelewa upande wa mama yake bila kumjua baba, na alipokuwa mtu mzima ndipo alipoanza kuzitafuta filamu hizo. Nyingi zilikuwa zimepotea, kwa maana utepe wa nitrati, yaani plastiki iliyotumika kutengenezea filamu siku hizo, hushika moto upesi na huoza, na nakala zilizochakaa ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani yake. Kutokana na alizozipata, Maud alikusanya vipande vya zile filamu ndefu za Marekani katika filamu moja iliyotoka mwaka 1963, kisha akatengeneza nyingine kuhusu maisha ya baba yake mwaka 1983.

Filamu fupi nyingi zilizosalia zinaweza kutazamwa bure kwenye intaneti kwa kutafuta jina la Max Linder. Ukikuta watu wanakimbia kama kuku wa msomaji wetu wa Morogoro, ipunguze kasi hadi robo tatu kabla ya kuitazama.