Unayeanza kusoma kampeni za uhamiaji, bango liweke pembeni kwanza

Kila mwaka napata wanafunzi wanaochagua mada ya uhamiaji baada ya Vita Kuu ya Pili, na karibu wote huanza na mabango ya Australia ya kuwaita Waingereza wahamie huko. Siwalaumu. Jua, ufukwe, familia inacheka bustanini. Na aliyekuwa akitazama ni Mwingereza ambaye bado alikuwa akipanga foleni kununua nyama ya mgao. Nauli pauni 10 kwa mtu mzima, watoto wadogo bure, iliyobaki inalipwa na serikali. Nani asingetamani?

Wewe tafuta kwanza fomu aliyojaza mhamiaji. Anayekulipia nauli ana lake. Mwingereza wa pauni 10 alitakiwa kukaa miaka 2. Akiondoka mapema, anairudishia serikali gharama yake, na nauli ya kurudi kwao anajitafutia mwenyewe. Wakimbizi wa vita waliochukuliwa kutoka makambi ya Ulaya kuanzia 1947 walibanwa zaidi: mkataba wa kazi wa miaka 2, popote watakapopangiwa. Kwenye karatasi mwanamume aliandikwa kibarua, mwanamke mtumishi wa nyumbani. Hata daktari aliandikwa kibarua.

Halafu kuna hili linalowapita wengi: mhamiaji hakuwa mlengwa peke yake. Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi Waaustralia wenyewe. Arthur Calwell, waziri wa kwanza wa uhamiaji, aliteuliwa 1945 katika nchi ya watu milioni 7 hivi ambayo haikuwa imesahau mabomu ya Wajapani pale Darwin mwaka 1942. Hoja yake: tuongezeke au tuangamie. Lakini vyama vya wafanyakazi vilihofia ajira, na raia wengi hawakutaka mgeni asiye Mwingereza. Ndiyo maana meli ya kwanza ya wakimbizi, General Stuart Heintzelman, iliyofika mwishoni mwa 1947, ilibeba vijana wasio na familia kutoka Estonia, Latvia na Lithuania, waliochaguliwa kwa afya na sura. Wapigapicha wakafanya kazi yao. Kwangu mimi, picha zile ni tangazo kubwa kuliko bango lolote. Ukizikuta, jiulize nani hakuruhusiwa kupanda: sera ya Australia Nyeupe, iliyowazuia wasio Wazungu kuhamia, ilikuwa hai, na mabaki yake yalifutwa 1973.

Usiishie bandarini. Soma habari za Bonegilla, kambi ya kuwapokea wahamiaji huko Australia: mabanda ya jeshi, nyama ya kondoo hadi watu wakaichukia, na Waitalia walioandamana mwaka 1952 kwa sababu kazi waliyoahidiwa haikuonekana. Fuatilia waliorudi pia. Kwa Waingereza inakadiriwa ni robo hivi, na baadhi yao, huwezi kuamini, walifunga safari ya Australia mara ya pili.

Na ukiwa Afrika Mashariki, usiniambie ushahidi uko mbali. Februari 1950 meli General Langfitt ilifika Fremantle, bandari ya Australia, na Wapoland zaidi ya elfu moja waliopandia Mombasa, wakitoka makambi ya wakimbizi wa vita kama Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Makambi yalikuwa yanafungwa, na Poland ilikuwa mikononi mwa wakomunisti. Mtu wa namna hiyo bango linamshawishi nini? Makaburi ya wenzao yapo Tengeru hadi leo. Omba ruhusa, nenda na daftari, nakili majina na miaka, kisha tafuta majina ya ukoo hayohayo kwenye kumbukumbu za wahamiaji katika Nyaraka za Taifa za Australia. Nyingi zinasomeka mtandaoni.