Waliposema Mama Yangu ni Mrundi

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Kakonko, huku huku mkoani Kigoma. "Kaka, leo nimeshushwa kwenye basi, nimekalishwa kizuizini kwa saa sita, nimeachiwa bila kuambiwa kosa langu. Nimpigie nani?" Nilimjibu neno moja: andika. Halafu usingizi ukanikataa, maana swali lake ndilo nililotembea nalo miaka miwili iliyopita nikiwa sina wa kunipa jibu hilo fupi.

Leo nina barua mezani, jibu la Serikali kwa malalamiko niliyoandika baada ya mama yangu kushushwa kwenye basi akiitwa Mrundi. Ina nembo ya Bibi na Bwana, ina kumbukumbu namba, ina sahihi ya mkubwa, na jina la mama yangu limeandikwa humo kwa usahihi, herufi zote. Imenichukua miezi kumi na moja kuipata. Naithamini kuliko leseni yangu ya biashara, na nataka kila mtu wa Kigoma ajue namna ya kupata ya kwake.

Tuliondoka Kigoma alfajiri kwenda Tabora. Dada yangu alikuwa amejifungua na mama alitaka kumpakata mjukuu kabla ya arobaini. Alibeba dumu la mawese la lita tano, migebuka mikavu aliyoifunga kwenye gazeti, na alivaa kitenge alichokuwa akikitunza tangu Krismasi. Nilimkatia siti ya dirishani.

Kwenye kizuizi kimoja maofisa wawili wakapanda. Kizuizi gani na ofisi ipi sitataji hapa, kwa sababu nimekwisha kuyaandika mahali panapostahili. "Vitambulisho mkononi." Mimi nilikuwa na cha NIDA, kile cha taifa. Mama alikuwa na kadi ya mpiga kura tu. Cha NIDA alikiomba mara mbili, na mara zote mbili fomu ikakwama kwenye usaili. Watu wa kwetu mnaujua usaili huo. Mikoa ya mpakani afisa uhamiaji hukaa mezani pamoja na wa NIDA na mtendaji, na bibi wa miaka sabini anaulizwa babu yake amezikwa kilima gani. Laini ya simu ya mama ilizimwa mwaka 2020, zilipozimwa laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, na tangu hapo akitaka kuongea na binti yake huniazima simu mimi.

Afisa akamuuliza, "Bibi, ulizaliwa mwaka gani?" Mama akajibu anavyojibu siku zote: "Nilizaliwa Heru Juu, wakati wa Mwami Theresa."

Aliyekaa na wazee wa Buha, nchi yetu sisi Waha, anajua jibu hilo lina uzito gani, maana nasi watawala wetu wa jadi tuliwaita mwami. Theresa Ntare alitawala Heru kuanzia 1946, mwanamke, mtawala wa Waha aliyejulikana Tanganyika nzima. Kwa maneno yale machache mama alikuwa ametaja mahali, kizazi na utawala. Hakuna cheti cha kuzaliwa kinachosema zaidi ya hapo. Lakini kijana yule alisikia neno mwami tu, na kwake mwami ni mfalme wa Burundi. Akamwambia ajieleze vizuri. Mama akaogopa, na akiogopa Kiswahili humkimbia. Akaanza kujieleza kwa Kiha, lugha yetu inayofanana na Kirundi.

"Huyu Mrundi," afisa akasema, kwa sauti ya kusikika hadi siti ya nyuma. "Shuka."

Lilikuwa basi la Waha. Karibu nusu ya abiria waliongea Kiha kilekile tangu stendi, na hakuna aliyefungua mdomo. Nami sikuufungua mpaka konda alipoanza kusogeza mizigo yetu. Hilo la kunyamaza bado linanichoma.

Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Basi liliondoka na dumu la mawese. Hakuna aliyetuambia tunashikiliwa kwa kosa gani. Hakuna daftari tulimoandikwa. Nawaomba mlishike hili la daftari, kwa sababu baadaye ndilo lililonisumbua kuliko yote: kwa karatasi, siku ile sisi hatukuwahi kuwepo pale.

Saa tisa mtu mmoja akanivuta pembeni akasema mambo yanaweza kuisha. Nilitoa elfu hamsini. Stakabadhi haikuwepo. Mama alikuwa anatazama. Hakusema neno mpaka tulipofika Tabora usiku wa manane, mtoto amelala mapajani mwake, ndipo akaniambia: "Leo umeninunua."

Wiki iliyofuata nilianza kulalamika, na nililalamika vibaya. Nilikwenda ofisi moja nikaambiwa nilete ushahidi. Nikaenda ya pili, mtu akaandika namba yangu pembeni ya gazeti. Nikampigia diwani, akasikitika sana. Nilikuwa naongea, kila mahali naongea, kwa hasira ya haki kabisa, na kila nilipotoka mlangoni maneno yangu yalibaki hewani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Ujiji, karani mstaafu aliyekaa miaka mingi masijala, pale barua na mafaili ya serikali yanapopokelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, serikali haisikii, inasoma."

Akanikalisha tukaandika. Ukurasa mmoja. Tarehe, saa, kizuizi, namba ya basi, jina nililolisoma kifuani mwa afisa mmoja, swali lililoulizwa na jibu lililotolewa, neno kwa neno. Tiketi tukaiambatanisha. Matusi yote niliyokuwa nimeyaandika kwenye rasimu yangu mzee aliyakata. Alisema msomaji akikutana na tusi hupata sababu ya kuacha kusoma.

Tulipofika kwenye ile elfu hamsini, nikasita. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamkamata anayepokea na anayetoa. Nilikaa na rasimu siku mbili. Mwishowe niliandika: nilitoa, na naomba ichunguzwe, hata kama nami nitahojiwa. Kama wewe unayesoma una biashara, una watoto, unataka kesho uwe mtu wa kuaminiwa katika mji huu, basi anza kwa kusema kweli juu ya mkono wako mwenyewe. Nilihojiwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa saa mbili. Sikufa.

Barua ilikwenda kwa mkuu wa ofisi husika, nakala TAKUKURU, nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nakala kwa mbunge. Kila nakala niliyobaki nayo iligongwa muhuri wa kupokelewa, una tarehe. Bila muhuri huo huna barua, una karatasi. Ukiambiwa "acha hapo tutaishughulikia", usiache. Simama. Omba muhuri kwa heshima, omba tena, mpaka ugongwe.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia. Nenda, rudi, nenda.

Kisha barua ya majibu ikaja. Waliniita mimi na mama. Mkubwa wa pale alisimama mama alipoingia, akamwamkia shikamoo, akamwomba radhi mbele ya wasaidizi wake. Maombi ya NIDA ya mama yalifunguliwa upya, wazee wawili wa kijijini wakaja kutoa ushahidi, na namba ikatoka. Barua inasema malalamiko yetu "yalionekana kuwa na msingi" na kwamba "hatua stahiki za kiutawala zimechukuliwa."

Hapo kwenye hatua stahiki ndipo furaha yangu inapokatika. Hatua gani? Kwa nani? Alionywa, alihamishwa, alipandishwa cheo akapelekwa kwingine? Niliandika barua ya pili kuuliza. Ina muhuri wa kupokelewa. Haina jibu.

Sisemi maofisa wa Uhamiaji hawana kazi. Mkoa huu umepokea Warundi tangu 1972, ukapokea tena 1993, ukapokea Wakongo 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Mpaka ni mrefu, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inampa afisa uwezo wa kumkamata mtu anayemshuku kwa sababu za msingi, bila kuwa na hati ya kukamata. Lakini sababu za msingi si lafudhi. Mwaka 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu, huku Kigoma, Kagera na Geita tuliona lafudhi na sura vikigeuka ushahidi. Hata mwenye jina kubwa hapati kinga: mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyekuwa amewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, alitangazwa kuwa si raia. Kama yeye, mama yangu mwenye dumu la mawese ni nani?

Tatizo ni nani anamtazama anayetukagua. Ukimlalamikia afisa, lalamiko linarudi ndani ya idara yake, na juu ya idara ni Wizara ya Mambo ya Ndani ileile. Tume ya Haki za Binadamu, iliyoanza kazi 2001 mahali pa ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya zamani, inaweza kuchunguza na hata kukagua mahabusu, lakini mwisho wa yote inatoa mapendekezo. Bunge lina kamati ya ulinzi na usalama, nayo hukaa Dodoma. Na kwenye uraia wenyewe, Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inasema uamuzi wa Waziri haukatiwi rufaa mahakamani.

Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, ilitoa hukumu juu ya Mtanzania mmoja aliyenyang'anywa pasipoti, akafukuzwa nchini, akabaki anaishi katikati ya mpaka wa Tanzania na Kenya, huku hatakiwi na huko hatakiwi. Mahakama ilisema alikuwa ametambuliwa kuwa raia siku zote, kwa hiyo Serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Pia iliiagiza nchi irekebishe sheria ili mtu apate njia ya kwenda mahakamani. Niliposoma hilo nililia. Kadi ya mpiga kura ya mama, iliyotolewa na Serikali, ilikuwa mkononi mwake pale kwenye basi, na bado yeye ndiye aliyeambiwa athibitishe. Novemba 2019 nchi yetu iliondoa ridhaa yake ya kumruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mlango ule sasa umefungwa, kwa hiyo milango iliyobaki hapa ndani lazima tuigonge sote, kwa maandishi. Katiba, ibara ya 8, inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Itawajibikaje kwa mtu asiyeandika? Mwaka mzima nimesikia watu sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini, wakisimulia kizuizi hiki na kile, akina mama wa dagaa, vijana wa bodaboda, na nikiwauliza umeandika, wanacheka. Msicheke. Malalamiko mia moja ya mdomo ni sifuri kwenye faili. Hata yakiwa kumi tu yenye muhuri, juu ya kizuizi kimoja, ndani ya mwaka mmoja, mkubwa atalazimika kuyaeleza kwa mkubwa wake.

Mdogo wangu wa Kakonko, rasimu yako nimeisoma. Yale uliyosema juu ya mama yake afisa nimeyakata. Saa umeandika "asubuhi asubuhi". Weka saa kamili, tazama kwenye simu yako ulimpigia konda saa ngapi. Ongeza kwamba hukuambiwa sababu ya kukamatwa, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka uambiwe. Uliza abiria wawili kama wako tayari kuandika majina yao. Toa nakala nne. Jumatatu uwe masijala kabla ya saa nne, kwa kuwa baadaye foleni ni ndefu, na usitoke bila muhuri. Mama yangu anakusalimu. Ameomba nikuulize kwenu ni kijiji gani, kwa sababu jina la babu yako analifahamu.