Kabla hujaizamia Keystorm: kwa wapiga mbizi wanaotoka baharini

Mpiga mbizi aliyejifunzia Nungwi au Diani ana desturi moja: akikuta maji yanavuta, anangoja. Baada ya saa chache yatasimama, na watu watazama kwa raha zao. Kwenye mto St. Lawrence, unaoyatoa maji ya Ziwa Ontario kuyapeleka Atlantiki, ambako ilizama meli ya Keystorm, ngojeni mpaka kesho mkipenda. Sehemu hii ya mto haina kupwa wala kujaa, haina bamvua wala maji mafu. Mkondo ulioukuta asubuhi ndio utakaouacha jioni. Kwa hiyo, wadogo zangu, swali la kwanza si meli ina urefu gani au rafadha bado ipo. Ulizeni maji yanapita wapi, kwa kasi gani, na yakikuchukua yatakutupa wapi.

Fanyeni hesabu mkiwa nchi kavu. Mkondo wa noti moja, yaani maili moja ya baharini kwa saa, ni kama mita 30 kwa dakika. Ukiiachia kamba ya kushukia nusu dakika tu ili uweke miwani sawa, umeshakwenda mita 15, na mwenzako humwoni tena. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma huongezeka mara nne, na hapo hakuna misuli ya kushindana. Halafu hewa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa kwa mgandamizo wa baa 200 una lita 2,400. Kwenye kina cha mita 20, mtu aliyetulia anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji hutumia 60, kwa kuwa mgandamizo huko ni mara tatu, yaani dakika 40 mpaka mtungi ukauke. Mtu yule yule akipiga miguu kushindana na mto anaweza kufikia 150 kwa dakika. Mtungi mzima unaisha katika dakika 16, tena akiwa amejaa hewa chafu kifuani na moyo unadunda kwa hofu. Ukijiona unahema, usiongeze nguvu. Shika kitu, lala chini, pumua taratibu mpaka kifua kitulie.

Anzeni na Conestoga, pale Cardinal, Ontario. Ni meli ya mizigo ya mbao, ya mvuke, iliyoungua 1922 ikiwa imepakia ngano. Imezama karibu na ukingo, maji hayafiki hata mita 10, na sehemu ya injini yake imechomoza juu mpaka leo. Unaingilia upande wa juu wa mto, unashuka mpaka chini, unaacha maji yakubebe hadi kwenye mbavu zake, kisha unajiingiza nyuma ya ubavu. Ukiipita, basi umeipita. Usigeuke kushindana na mto. Elekea ukingoni kwa mshazari, toka, vua mapezi yako, rudi kwa miguu uanze upya. Kuna watu wanaona aibu kupita barabarani na mtungi mgongoni. Mimi naiona ndiyo shule bora ya mkondo kuliko zote zinazotoza ada.

Pale ndipo mtakapojifunza kwamba meli yenyewe ndiyo kinga. Nyuma ya bamba la chuma au rundo la mbao maji hutulia, unaweza hata kuning'inia bila kushika kitu. Mpaka wa kinga hiyo hauonekani, ila mapovu yanausema. Yatazame ya mwenzako: yakipanda wima, mko salama. Yakianza kupinda, mmekaribia ukingo wa kinga. Yakilala kabisa na kukimbia pembeni, tayari mkono uwe umeshashika chuma. Vaeni glavu, kwa sababu chuma chote kimevikwa kome wadogo wenye milia, walioingia Maziwa Makuu miaka ya 1980. Wameyachuja maji yakawa maangavu, hilo tunawashukuru, lakini magamba yao yanakata kama wembe.

Keystorm ni hatua nyingine. Hii ni meli ya chuma, ilikuwa na makaa ya mawe, ikagonga mwamba katika ukungu Oktoba 1912 kwenye eneo la Visiwa Elfu la mto huu. Imelalia ubavu wake wa kulia, inaanzia kina cha kama mita 8 na kuishia 35 hivi. Waliozoea MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi nje ya Bamburi 2002, wasidhani ni mambo yale yale. Hapa sakafu imekuwa ukuta na ngazi zimelala. Tumboni kumetulia kuliko nje, na utulivu huo ndio unaowashawishi watu waingie. Msiingie bila mafunzo ya kupenya meli.

Shukeni kwa kamba ya boya, mkono baada ya mkono, uso ukiuelekea mkondo. Ukigeuza kichwa ghafla, maji yanaweza kukung'oa miwani. Geji na taa zifungeni zikae kifuani, kila kinachoning'inia ni tanga. Tumieni theluthi ya hewa kwenda, theluthi kurudi, na theluthi isiguswe. Wakati wa kupanda, mapumziko ya usalama ya dakika tatu kwenye kina cha mita tano ndiyo yanayochosha kuliko yote, kwani kamba inatikisika na mikono inakufa ganzi. Ugwe mfupi wenye kulabu, uliofungwa kwenye fulana yako ya kuelea na kunaswa kwenye kamba, unamaliza tabu hiyo.

Ukitenganishwa na kamba, fyatua boya la ishara ukiwa bado chini, ndipo upande nalo. Meli zifikazo urefu wa mita 225 hupita mto huu, na nahodha wake hawezi kukukwepa hata akikuona. Nahodha wa boti yenu akubali kabla hamjaruka kwamba atawafuata upande wa chini wa mto, maji yanakoelekea, bila kungoja aitwe. Akisita, tafuteni boti nyingine.

Meli ya Roy A. Jodrey, iliyozama Novemba 1974 upande wa Marekani karibu na Alexandria Bay, naulizwa kila msimu. Ina urefu wa mita 195 na inafika kina cha karibu mita 75, ndani ya mkondo. Mabaharia wake wote waliokolewa. Wapiga mbizi kadhaa walioifuata baadaye hawakurudi. Kwa mtungi mmoja wa hewa ya kawaida, jibu langu ni hapana.