Sauti yake imechoka, nani atamwambia?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mama. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Tunaye mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwimbaji mkongwe aliyekuwa akianzisha nyimbo tangu mimi nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili. Sasa umri umemfikia. Anatoka nje ya ufunguo na kuwavuta wenzake. Ibada ikiisha watu humshika mkono, "Mama, leo umetubariki," kisha wakigeuka wanacheka. Juzi aliniuliza mwenyewe, "Mwalimu, sauti yangu bado ipo?" Nikamjibu, "Ipo, mama." Tangu hapo sina amani. Je, kumdanganya mtu kwa upendo ni dhambi?

Jibu: Amina, mwanangu. Ndiyo, ulimdanganya, na amani uliyoikosa inakueleza hivyo kabla yangu. Lakini angalia jambo moja: alikuuliza wewe. Wale wanaomshika mkono hakuwauliza. Mtu mzima akiuliza swali la namna hiyo, mara nyingi ameshaanza kujisikia mwenyewe. Anatafuta mtu mmoja wa kulibeba jambo pamoja naye. Ulipomwambia "ipo," ulimwacha alibebe peke yake.

Wengi tukisoma Waefeso 4:15, "tuishike kweli katika upendo," tunadhani tumeambiwa tupunguze ukweli kidogo ili upendo upate nafasi. Mimi siusomi hivyo. Upendo una kazi nyingi sana katika usemi: unachagua saa, mahali, maneno, na nani awepo. Ukweli wenyewe hauugusi.

Mtazame Bwana Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, Yohana 4. Yale ya waume watano ni maneno mazito kumwambia mtu usoni. Lakini Yohana anatuambia kwamba wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Hapakuwa na wa kusikiliza. Tena Yesu alianza kwa kumkubalia yule mama kile alichosema sawa, "Umesema vema, Sina mume," na akamaliza kwa "hapo umesema kweli." Hakupunguza hata mume mmoja katika hesabu ile, na mwanamke hakukimbia, aliendelea kuuliza, tena maswali makubwa ya ibada.

Basi nenda nyumbani kwake. Usimwandikie ujumbe kwenye simu, usimwite pembeni baada ya mazoezi huku wenzake wakitazama, na usiende na kamati. Usianze kwa kummiminia sifa, maana sifa zote hizo zitafutwa na "lakini" moja, na atajua ulikuwa unamwandaa. Mwambie, "Mama, uliniuliza swali, sikukujibu kweli. Noti za juu zinakushinda sasa, na wenzako wanapotea wakikufuata." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikasirika, usiyarudishe maneno yako mfukoni ili akutabasamie.

Yako mambo mengine ya kweli ambayo pia anastahili kuyasikia, na watu wameyasahau kwa sababu ya kupiga makofi ya bure: jinsi alivyozishika zile nyimbo kichwani miaka yote, jinsi wewe mwenyewe ulivyozijifunza kwa kumsikiliza. Kama sauti ya pili inamfaa, mjaribu huko. Kama unamhitaji awafundishe mabinti nyimbo za zamani, mwombe. Ila kama huna kazi hiyo, usimbunie cheo cha kumfariji; atakigundua kuwa kitupu, na utakuwa umemdanganya mara ya pili.

Wale wanaocheka wana neno lao la kujibu mbele za Mungu. Wakicheka tena mbele yako, waambie waache, siku hiyo hiyo.

Swali: Mama, mimi ni mtu wa kunyoosha maneno. Kwenye kikao cha familia nilimwambia shemeji yangu mbele ya watu kwamba biashara yake imekufa kwa uvivu wake. Ni kweli, kila mtu anajua. Mke wangu hasemi nami vizuri tangu siku ile. Paulo si alimkemea Petro mbele ya wote?

Jibu: Alimkemea, kaka yangu, Wagalatia 2. Ila soma na sababu. Petro alijitenga mezani na waumini wa Mataifa waziwazi, Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Kosa lilikuwa la hadharani na lilikuwa linawaumiza wengine pale pale, ndiyo maana likasahihishwa hadharani. Uvivu wa shemeji yako ulikuwa unamwangusha nani katika kikao kile?

Kwa mambo ya namna yako, agizo liko Mathayo 18:15: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Na Waefeso 4:29 inataka neno "la kumfaa mwenye kuhitaji." Jiulize kwa uaminifu nani alilihitaji neno lako siku ile. Kama kila mtu alikwisha kujua, hukuwapa habari yoyote. Shemeji alipata aibu, na sioni alichopata zaidi ya hapo.

Nenda kwake peke yako. Muombe radhi kwa kumwaibisha. Hulazimiki kusema kwamba alikuwa na bidii kama hakuwa nayo. Halafu muulize biashara ilikufaje, na usikilize mpaka mwisho, maana hata hilo la uvivu huenda hulijui lote. Mkeo naye aambiwe kwamba umekwenda. Huyo ni ndugu yake uliyemsema mbele ya ukoo.

Swali: Rafiki yangu alimsema dada yake vibaya mbele yangu. Sasa dada mtu ananiuliza, "Alisema nini juu yangu?" Nikikataa kumwambia, si nitakuwa mwongo?

Jibu: Hapana. Kusema uongo ni kosa, lakini hakuna andiko linalokulazimisha kumwaga kila ulichosikia. Augustino, askofu wa Hipo aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba uongo hauruhusiwi hata ukiwa wa huruma. Augustino huyo huyo alimsifu mama yake, Monika, kwa sababu aliposikia maneno machungu kutoka pande mbili zilizogombana, hakupeleka upande wa pili ila yale yaliyoweza kuwapatanisha. Monika hakutunga maneno mazuri ambayo hayakusemwa. Aliyaacha machungu yafie kwake.

Kwa hiyo usimwambie "hakusema kitu". Huo ndio uongo. Mwambie, "Alikuwa na hasira, na sitayabeba maneno yake. Nenda mkaongee." Kisha mfuate rafiki yako umwambie kwamba dada yake anauliza, na kwamba wewe hutamfichia mara nyingine. Lakini kama alichosema kilikuwa ni mpango wa kumdhuru dada yake, mwambie dada mtu leo, bila kusubiri.